Kiongozi, Mnyapara na Kambi: Uongozi wa Biashara katika Misafara ya Bara

Neno kiongozi limekuwa neno la heshima kubwa katika Kiswahili cha leo. Huitwa hivyo mkuu wa nchi, mkuu wa chama, na mkurugenzi wa kampuni. Walakini katika karne ya 19, katika njia iliyotoka Bagamoyo ikapita Ugogo hata ikafika Unyanyembe na Ujiji, kiongozi alikuwa mtu wa kazi moja iliyojulikana na kila mtu. Alitangulia mbele ya msafara. Alijua njia, alijua maji yalipo, na alijua mahali pafaapo kulala. Mali iliyobebwa nyuma yake haikuwa yake, wala hakulipa mshahara wa mtu yeyote. Naye mwenyewe alibeba mzigo, ingawa mzigo wake aghalabu ulikuwa mwepesi kuliko wa wenziwe. Mwenye mali, aliyeitwa tajiri, alitembea nyuma au katikati. Na mara nyingi hakuwapo njiani kabisa, bali alikuwa Unguja, amekaa barazani akingoja pembe zake.

Hivyo basi, aliyeongoza hakumiliki, na aliyemiliki hakuongoza. Kwa mtu aliyezoea kampuni za siku hizi jambo hili huonekana geni. Lakini biashara ya misafara ilikuwa mojawapo ya biashara kubwa kabisa za Afrika Mashariki kabla ya reli, na ilidai yote yanayodaiwa na biashara kubwa: mtaji wa mkopo, mali ya thamani, watu wengi, miezi mingi ya kungoja, na hatari isiyoweza kukadiriwa. Ilifanywa bila barua ya haraka na bila polisi. Jinsi ilivyowezekana ni swali la historia linalostahili kuchunguzwa, na jibu lake halimo katika tabia za matajiri wakubwa peke yao, ijapokuwa wao ndio walioandikiwa vitabu.

Kwanza itazamwe fedha. Wafanyabiashara waliokwenda bara hawakuwa na mtaji wa kutosha wao wenyewe. Waliuchukua kwa matajiri wa Kihindi wa Unguja, na mashuhuri kati yao alikuwa Taria Topan, aliyefariki mwaka 1891. Mkopo huo haukuwa wa riale tupu, bali ulikuwa wa bidhaa: kaniki, shanga, nyaya za shaba, baruti, na kile kitambaa cheupe kilichoitwa merikani kwa kuwa kililetwa kwanza na wafanyabiashara wa Marekani. Deni lilirejeshwa kwa pembe za ndovu baada ya mwaka mmoja, miwili, au zaidi, na faida ya mkopeshaji ilikuwa nzito. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye habari zake za desturi za Waswahili zilipigwa chapa na Carl Velten mwaka 1903, alikuwa na habari za mambo hayo, maana mji wake uliishi kwayo. Mfanyabiashara alipovuka kutoka Unguja kwenda Mrima, deni lilikuwa limekwisha kuanza kumhesabia siku. Kila siku msafara uliposimama ilikuwa siku ya hasara. Na msafara ulisimama au kwenda kwa miguu ya watu.

Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikaribia frasila mbili, yaani ratili 70. Nguo zilifungwa kwa mikeka na kamba zikawa mtumba mgumu, neno ambalo hata leo linaishi katika masoko ingawa limebadilisha maana. Pembe ndogo ilibebwa na mtu mmoja begani. Pembe kubwa mno ilitundikwa mtini ikachukuliwa na watu wawili. Kutoka pwani hadi Unyanyembe, ulipo mji wa Tabora, palikuwa na mwendo wa miezi mitatu hivi, kupitia nchi ya Ugogo ambako maji ni haba na watemi walidai hongo. Mahali pengine msafara ulilazimika kuterekeza, yaani kuondoka mchana baada ya kunywa na kupika, kulala porini pasipo na maji, na kuyafikia maji siku ya pili. Katika mwendo wa namna hiyo mtu mmoja akitua mzigo wake akaingia kichakani, ratili 70 za mali ya mkopo zilibaki chini. Wakifanya hivyo watu 30, biashara imekufa.

Hapo ndipo ilipo siri ya muundo wa msafara. Msafara wa watu 300 haukuwa kundi la watu 300. Ulikuwa jumla ya kambi nyingi ndogo. Kambi, kwa maana ya siku zile, haikuwa mahali pa kulala tu. Ilikuwa ni watu wachache, labda watano, labda kumi, waliokula chungu kimoja. Aghalabu walikuwa ndugu, au watu wa kijiji kimoja, au masahibu waliokwisha kusafiri pamoja mara nyingi. Walipofika kituoni kila mmoja alijua kazi yake bila kuamriwa: huyu huteka maji, huyu huokota kuni, huyu hukata miti ya kibanda, huyu hupika. Posho ya siku, ambayo kipimo chake cha kawaida kilikuwa kibaba cha nafaka kwa mtu, au nguo na shanga za kununulia chakula hicho, iligawanywa katika kambi hizo. Mtu alipougua, mzigo wake ulikuwa tatizo la kambi yake kabla haujawa tatizo la tajiri. Wanawake nao walikuwamo katika misafara, hasa ile ya Wanyamwezi. Walichukua vyungu na watoto, walipika, na wengine walibeba mizigo kwa ujira kama wanaume.

Juu ya kambi walikuwapo wanyapara. Mnyapara, kwa asili ya neno hilo katika lugha za bara, ni mzee au mkubwa wa watu. Yeye ndiye aliyenena na tajiri kwa niaba ya wapagazi, na ndiye aliyenena na wapagazi kwa niaba ya tajiri, na asipoaminiwa upande mmoja hakufaa upande wa pili. Mnyapara mwenye jina jema alikuwa mali isiyonunulika. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni akauzwa mpaka Bara Hindi, kisha akarudi Afrika akiwa mtu huru, aliwatumikia mmoja baada ya mwingine Burton na Speke, kisha Speke na Grant, kisha Stanley, kisha Cameron, tangu mwaka 1857 hadi miaka ya 1870. Waajiri wake waligombana wao kwa wao na wengine walimlaumu kwa maneno makali. Hata hivyo kila aliyekuja baadaye alimtafuta, kwa kuwa kumpata Bombay ni kuwapata watu waliomjua Bombay.

Naye kiongozi alikuwa mbele ya wote. Alivaa nguo nyekundu na manyoya kichwani, na nyuma yake alifuata mpiga ngoma. Hakuruhusiwa mtu kumpita njiani. Aliyethubutu alinyang'anywa mshale mmoja katika podo lake, nao ulishikwa kuwa ushahidi hata alipe faini yake mwisho wa safari. Burton, aliyepita njia hiyo kati ya 1857 na 1859, aliyaandika mambo haya kwa dhihaka. Macho yake hayakumdanganya, lakini aliyadhania kuwa michezo ya watoto. Watu 300 wakitembea mmoja nyuma ya mwingine katika kijia chembamba hujinyosha maili nzima na zaidi. Wa nyuma hawamwoni wa mbele. Ngoma na nyimbo ndizo zilizowaambia walio nyuma kwamba walio mbele bado wanakwenda, na katazo la kumpita kiongozi lilizuia wenye nguvu wasiwakimbie wanyonge. Tena kiongozi hakuwekwa na tajiri kama mtumishi wa nyumbani. Ilipasa wapagazi wenyewe wamkubali, maana wao ndio waliokuwa wakitia maisha yao katika ujuzi wake.

Yafaa isisahauliwe kuwa biashara hiyo ilikuwa na mikono michafu. Njia zile zile zilipitisha watumwa, na pembe nyingine zilibebwa na watu wasiokuwa na hiari. Hata kati ya wapagazi wa pwani waliojiita waungwana walikuwamo watumwa waliokodishwa, ambao walimpa bwana wao sehemu kubwa ya ujira. Lakini Wanyamwezi, waliokuwa wengi kabisa katika njia ya kati, walikuwa watu huru wenye mashamba yao. Walichukua mizigo kwa mapatano, na majira ya kulima yalipofika ilikuwa vigumu kuwapata kwa bei yoyote. Kwao upagazi ulikuwa ufundi na pia sifa. Kijana asiyeiona bahari alihesabiwa kuwa bado mtoto.

Watu huru waliozoeana wana nguvu, na nguvu hiyo haikuwa kwa faida ya tajiri sikuzote. Kambi zilipokubaliana kwamba posho imepunguzwa au mwendo umezidi, mizigo ilitua chini, na haikuinuliwa hata maneno yakaisha. Wasafiri wa Kizungu waliita jambo hilo uasi na uvivu. Leo lingeitwa mgomo. Wafanyabiashara wazoefu hawakulistaajabia. Walituma mnyapara, wakakaa, wakapatana, wakaongeza shuka kadhaa, wakaendelea. Walijua kwamba umoja ule ule uliowasumbua saa mbili mchana ndio utakaolinda mitumba usiku katika pori la Ugogo. Haikuwezekana kununua mmoja na kuukataa wa pili.

Palikuwa na njia nyingine, nayo ilijaribiwa na mtu mkubwa. Hamed bin Muhammed el Murjebi, anayejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, aliacha maisha yake yameandikwa kwa Kiswahili, na kitabu hicho kikatolewa tena pamoja na tafsiri ya W. H. Whiteley mwishoni mwa miaka ya 1950. Humo anaeleza bila haya jinsi wapagazi wa Uzaramo walivyomtoroka katika safari moja, na jinsi alivyorudi akakamata jamaa na wazee wao, watu mamia, akawatia minyororo, na mali ikaendelea na safari. Anayesoma habari hiyo huona ushujaa wa mwenye kuisimulia, maana ndivyo alivyotaka ionekane. Lakini mtu aliyefungwa hahitaji posho tu. Ahitaji na mlinzi. Mlinzi hachukui mzigo, bali hula, na ahitaji bunduki na baruti, ambavyo navyo ni mizigo. Minyororo iliweza kupatiliza kwa mwenye majeshi kama Tippu Tip, ambaye baadaye alitawala sehemu kubwa ya Manyema kwa silaha. Kwa mfanyabiashara wa kawaida mwenye deni Unguja, hesabu yake haikutoka. Tena ni huyo huyo Tippu Tip ambaye katika kitabu chake huonekana akizungukwa siku zote na nduguze na watu wa imani yake. Uwezo wake haukuwa wa mtu mmoja kama simulizi lisemavyo.

Nguvu ya kambi na wanyapara ilionekana wazi zaidi mahali ambapo mkubwa alitoweka. Tarehe 1 Mei 1873 David Livingstone alifia katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Hakuwa mfanyabiashara, lakini watu wake 60 hivi walikuwa watu wa misafara, walioajiriwa kwa desturi za misafara. Mwajiri amekufa, mkataba, kwa kadiri walivyojua, umekufa naye. Wangaliweza kugawana nguo na shanga, na kila kambi ikashika njia yake. Walichofanya ni kukutana wote, na kuwaambia Abdullah Susi na James Chuma kwamba wao ndio wazoefu wa safari na taabu, kwa hiyo wawe wakubwa, nao watatii. Kisha masanduku ya marehemu yalifunguliwa mbele ya watu wote ili wote wawe mashahidi, na Jacob Wainwright, aliyesomea Nasik huko Bara Hindi, akaandika orodha ya kila kilichomo.

Orodha hiyo yastahili kutazamwa na wanafunzi wa biashara kuliko mambo mengine ya safari ile ambayo yamesifiwa zaidi. Hapakuwa na mtu wa kuidai. Ilifanywa kwa sababu watu 60 wenye mali ya pamoja hawawezi kutembea miezi tisa wakitiliana shaka. Baada ya hapo waliukausha mwili kwa chumvi na jua, wakauzika moyo chini ya mti, wakasafiri zaidi ya maili 1,000. Tabora walikutana na Verney Lovett Cameron, aliyewashauri wamzike pale pale. Walikataa. Cameron alikuwa Mzungu, afisa wa manowari, na kwa fikira za wakati ule mkubwa wao. Lakini hakuwa mkubwa wa kambi zao. Walifika Bagamoyo Februari 1874. Huko walilipwa na kutawanywa. Ni Wainwright peke yake aliyefuatana na maiti mpaka Uingereza; Susi na Chuma walipelekwa baadaye, maziko yalipokuwa yamekwisha. Chama cha Jiografia cha London kiliagiza medali 60 kwa ajili ya watu hao, lakini wengi wao hawakuziona kamwe, kwa sababu walikwisha kwenda kutafuta mizigo mingine.

Miaka 14 baadaye jambo la kinyume lilitokea katika msitu wa Kongo. Februari 1887 Henry Morton Stanley alipatana na Tippu Tip Unguja. Mapatano yalikuwa ya biashara hasa: Tippu Tip atoe wapagazi 600, Stanley atoe baruti, na mizigo ipelekwe kuelekea ziwa Albert kumwokoa Emin Pasha. Juni mwaka huo Stanley alitangulia na watu hodari, akaacha Yambuya mizigo mingi na watu wapatao 270, wengi wao wagonjwa na wanyonge, chini ya Meja Edmund Barttelot, wakiwangojea wapagazi hao. Katika kuchagua hodari na kuacha wanyonge, kambi zilivunjwa. Mtu mwenye afya alikwenda, mwenziwe wa chungu kimoja akabaki. Wapagazi wa Tippu Tip walichelewa, kwa maana yeye alisema baruti aliyoahidiwa hakuipata.

Barttelot alikuwa na nidhamu ya jeshi, na Kiswahili chake kilikuwa kidogo sana. Alikuwa na viboko, hakuwa na mnyapara aliyemsikiliza. Watu walikula mihogo michungu isiyoandaliwa vizuri, wakafa mmoja mmoja karibu na maghala yaliyojaa mali ambayo hawakuruhusiwa kuibadilisha kwa chakula kilicho bora. Hatimaye Wamanyema walikuja na safari ikaanza. Na tarehe 19 Julai 1888, huko Banalya, Barttelot alitoka alfajiri kwenda kunyamazisha ngoma na nyimbo za mwanamke mmoja, akapigwa risasi na mume wa mwanamke yule. Stanley alipofika mahali hapo mwezi uliofuata alikuta zaidi ya nusu ya wale watu aliowaacha hawapo tena. Alimlaumu Barttelot, na ndugu wa Barttelot wakamlaumu Stanley, na vitabu vya kulaumiana vikajaa London. Waliokufa kwa mihogo hawakuandika kitu.

Lawama ile yote ilikuwa juu ya tabia za wakubwa: huyu mkali, yule mwongo, yule mwenye tamaa. Ni kweli tabia zilikuwa na sehemu yake. Lakini Susi na Chuma hawakuwa na bunduki nyingi kuliko Barttelot, wala mali nyingi zaidi, wala elimu kubwa zaidi. Walikuwa na kambi zilizo kamili, na watu waliowachagua.

Njia ya misafara ilikufa kwa chuma. Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, na kazi ya miezi mitatu ikawa kazi ya siku chache. Wanyamwezi hawakuacha kusafiri kwa ajili ya ujira. Waliendelea kushuka pwani, sasa kwenda katika mashamba ya Tanga, kukata katani iliyoletwa nchini na Richard Hindorf mwaka 1893. Huko walikuta maneno yao ya zamani yamewatangulia. Posho ilikuwapo, ikipimwa na karani. Kambi ilikuwapo, lakini sasa ilikuwa safu za vibanda vya kampuni, na mtu alilala alipopangiwa. Mnyapara alikuwapo pia, lakini aliwekwa na meneja, na hakuwa na sababu ya kunena kwa niaba ya mtu aliye chini yake. Walioandikishwa mbali na kuletwa huko kwa mkataba waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alipewa namba. Katika maneno yote ya msafara ni moja tu ambalo shamba halikuwa na kazi nalo, nalo ni kiongozi.